Gundi ya Vibandiko: Namna ya Kuiondoa Bila Kuharibu Rangi ya Chombo

Katika barabara itokayo Nangurukuru kwenda Kilwa Masoko, ni nadra kukiona chombo cha moto kisicho na kibandiko. Bajaji hubeba jina la utani la dereva wake, bodaboda hubeba nembo ya timu ya mpira, na magari ya abiria hubeba dua, matangazo ya biashara na picha za wagombea wa chaguzi zilizokwisha pita. Magari yaliyotumika, ambayo mengi huagizwa kutoka Japani na kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, hufika kusini yakiwa bado na karatasi zenye maandishi ya Kijapani kwenye vioo vya nyuma.

Kubandika ni kazi ya dakika moja. Kubandua ndiko kwenye shughuli. Jua likishakipiga kibandiko kwa miaka miwili au mitatu, plastiki yake hukauka na kukatika vipande vidogo vidogo, na chini yake hubaki tabaka la gundi linalonata, linaloshika vumbi na kugeuka jeusi. Hapo ndipo wamiliki wengi huchukua kisu, wembe, msasa au kitambaa kilicholoweshwa petroli. Gundi huondoka kweli, ila mara nyingi huondoka pamoja na rangi, na wakati mwingine kazi hiyo humwachia mtu majeraha ya moto.

Makala haya yanaeleza jinsi gundi inavyoshika, jinsi ya kuilegeza kwa vitu vinavyopatikana katika kila kata, na kwa nini subira ya nusu saa ni nafuu kuliko gharama ya kupaka rangi upya.

Mkwaruzo mdogo, hasara kubwa

Bati la gari, bajaji na tangi la pikipiki ni chuma. Chuma kikikutana na hewa na unyevu, hupata kutu. Rangi ndiyo ngozi inayozuia mkutano huo. Ngozi hiyo ikichanika mahali padogo tu, kutu huanzia hapo, kisha hutambaa chini ya rangi iliyobaki nzima hadi rangi ivimbe kama lengelenge na kubanduka.

Jambo hili hutokea popote, lakini katika mwambao wa Kilwa na Lindi hutokea kwa kasi zaidi. Pepo za kusi na za kaskazi, zote mbili, hutufikia zikitoka baharini, nazo hubeba matone madogo mno ya maji ya chumvi. Chumvi hufanya mambo mawili juu ya chuma: huvuta unyevu na kuushikilia hata pale hewa inapoonekana kavu, na huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, jambo linaloharakisha kuliwa kwa chuma. Wavuvi wa Somanga na Kivinje wanalifahamu hili kupitia misumari na mashine za boti zao. Mwenye bajaji anayeegesha karibu na ufukwe yuko katika hali ileile.

Kwa familia nyingi, chombo hicho ndicho mtaji. Kwa utaratibu wa nchi, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Pikipiki na bajaji ni miongoni mwa vitu ambavyo vikundi hununua kwa mikopo ya aina hiyo. Chombo kilichonunuliwa kwa mkopo kinatakiwa kidumu kuliko deni lake, na siku ya kukiuza, jambo la kwanza ambalo mnunuzi hulitazama ni bodi. Alama za kisu mlangoni na kutu pembezoni mwa tangi hupunguza bei hata kama injini ni nzima.

Rangi ya chombo imejengwaje

Rangi ya gari kutoka kiwandani si tabaka moja. Juu ya bati hupakwa kwanza rangi ya msingi, ambayo huishika chuma na kuzuia kutu. Juu yake huja rangi yenyewe, nyeupe, nyekundu au bluu. Juu kabisa huwekwa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo hung'aa na ndilo hupokea jua, vumbi na mvua.

Tabaka hilo la juu ni jembamba sana. Kwa kawaida unene wake ni kati ya mikroni 40 na 50, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita 1. Kwa maneno mengine, ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Ncha ya kisu hulipita bila mkono kuhisi lolote, na msasa hulimaliza kwa misuguo michache.

Ipo pia tofauti kubwa kati ya rangi ya kiwandani na rangi iliyopakwa baadaye gereji. Rangi ya kiwandani huokwa kwa joto hadi ikakamaa, nayo huvumilia mafuta na vimiminika vingi. Rangi ya gereji, hasa ile ya bei nafuu inayokauka kwa hewa tu, huweza kulainika ikiguswa na thina, petroli au hata spiriti. Magari na bajaji nyingi zinazotembea katika wilaya zimewahi kupakwa upya sehemu moja au nyingine, na mmiliki wa pili au wa tatu huenda asijue ni sehemu gani. Kwa sababu hiyo, kujaribu mahali pa siri kabla ya kuanza ni hatua isiyorukwa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Gundi hushikaje, na hulegeaje

Gundi ya kibandiko haikauki kama simenti. Imetengenezwa ibaki laini daima, ili ikigandamizwa ijaze vijishimo vidogo vya uso wa bati na kung'ang'ania humo. Ndiyo maana maji peke yake hayaifanyi lolote: hayaingii ndani yake.

Vitu viwili huilegeza. Cha kwanza ni joto. Gundi ikipata uvuguvugu hulainika, na kibandiko huweza kuvutwa kikiwa kizima badala ya kukatika. Cha pili ni mafuta. Gundi nyingi za vibandiko zina asili ya mpira au plastiki, na vitu vya asili hiyo huyapokea mafuta. Mafuta yakiachwa juu yake, huingia taratibu, huivimbisha na kuikatisha mshiko wake na rangi. Neno la kuzingatia hapa ni taratibu. Mtu anayepaka mafuta na kuanza kusugua papo hapo hutumia nguvu zake kufanya kazi ambayo mafuta yangeifanya yenyewe kwa dakika 10 au 15.

Kwa mkazi wa mwambao, dawa hiyo ipo jikoni. Mafuta ya nazi hufaa sana. Mafuta ya ufuta, zao ambalo mkoa wa Lindi unasifika kwalo, hufanya kazi hiyo hiyo, na mafuta ya alizeti pia. Mafuta haya hayaunguzi rangi, hayatoi mvuke wa kulipuka na hayadhuru ngozi.

Kabla ya kuanza

Kwanza, mmiliki ahakikishe kibandiko anachotaka kukiondoa hakina kazi ya kisheria. Vibandiko vinavyohusu bima, ukaguzi wa chombo au leseni ya usafirishaji wa abiria visiguswe bila kujua kama bado vinahitajika. Likiwapo shaka, aulize kwa mamlaka iliyovitoa. Vipo pia vile ambavyo muda wake umekwisha kabisa. Mfano ni vibandiko vya zamani vya leseni ya mwaka ya gari, ambayo ada yake ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/2018. Hivyo huondolewa bila wasiwasi.

Pili, chombo kioshwe. Mchanga ulio juu ya bati ukisuguliwa pamoja na gundi hugeuka msasa. Sehemu yenye kibandiko na eneo linaloizunguka zimwagiwe maji safi mengi, kisha zioshwe kwa sponji laini na sabuni ya maji. Sabuni ya unga isiyoyeyuka vizuri huacha chembe zinazokwaruza. Maji ya bahari yasitumike kamwe. Pale ambapo maji ya kisima yana chumvi, ndoo ya mwisho ya kusuuzia iwe ya maji ya bomba au ya mvua.

Tatu, chombo kiwekwe kivulini. Bati lililoachwa juani saa saba mchana huwa la moto kiasi cha kukausha kila kitu kinachopakwa juu yake kabla hakijafanya kazi. Uvuguvugu unaotakiwa ni ule ambao kiganja kinaweza kutulia juu yake bila kuungua. Asubuhi au alasiri ndiyo nyakati zinazofaa.

Nne, lifanyike jaribio. Achague mahali pasipoonekana, kama vile sehemu ya ndani ya ukingo wa mlango au chini ya kiti cha pikipiki. Achukue kitambaa cheupe, akiloweshe kidogo kwa kimiminika anachokusudia kukitumia, kisha apanguse taratibu na kungoja dakika chache. Kitambaa kikichukua rangi, au mahali hapo pakififia au kunata, kimiminika hicho kisitumike kwenye chombo hicho.

Hatua za kazi

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: maji ya moto yasiyochemka, vitambaa viwili au vitatu vya pamba visivyo na vifungo wala zipu, mafuta ya nazi au ya ufuta, sabuni ya maji, na kadi ya plastiki isiyotumika tena, kama kadi ya benki iliyokwisha muda wake.

Hatua ya kwanza ni kupasha moto kibandiko. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa kiwekwe juu yake kwa dakika tatu hadi tano, na kirudiwe kinapopoa. Mwenye mashine ya kukaushia nywele anaweza kuitumia, mradi aishike mbali kidogo na bati na asiisimamishe mahali pamoja.

Hatua ya pili ni kubandua. Pembe moja iinuliwe kwa ukucha au kwa kadi ya plastiki, kisha kibandiko kivutwe taratibu kikikunjwa kurudi nyuma, karibu na uso wa bati. Kukivuta kwenda juu kwa nguvu ndiko hung'oa rangi, hasa kwenye bodi iliyowahi kupakwa upya. Kikianza kukatika, kipashwe moto tena.

Hatua ya tatu ni kupaka mafuta kwenye gundi iliyobaki. Mafuta yawe ya kutosha kufunika eneo lote. Pale ambapo bati limesimama wima na mafuta yanatiririka, kitambaa chenye mafuta kibandikwe juu ya gundi na kuachwa hapo. Muda wa kusubiri ni dakika 10 hadi 15, na kwa gundi ya miaka mingi hata nusu saa.

Hatua ya nne ni kuikusanya. Gundi iliyokwisha kulegea husukumwa kwa kidole au kwa ukingo wa kadi ya plastiki uliolazwa, ikajiviringa kama tonge dogo. Isisambazwe kwa kuzungusha kitambaa, bali ikusanywe kutoka pembezoni kuelekea katikati na kuondolewa. Palipobaki, mafuta yapakwe tena. Kurudia mara tatu ni jambo la kawaida.

Hatua ya tano ni kuosha mafuta yenyewe. Mafuta yakiachwa hushika vumbi, na mwenye chombo atarudi kwenye weusi uleule alioukimbia. Sabuni ya maji na maji ya vuguvugu huyaondoa. Baada ya hapo sehemu hiyo isuuzwe na kukaushwa kwa kitambaa laini.

Hatua ya mwisho ni kulinda. Kuosha kwa sabuni huondoa pia nta iliyokuwapo juu ya rangi. Waksi ya gari ikipakwa kwa wepesi na kung'arishwa, hurudisha ngao dhidi ya jua na chumvi.

Gundi isiyosikia mafuta ya kula

Baadhi ya gundi, hasa zile za tepu nene na za vibandiko vya kiwandani, hukataa mafuta ya jikoni. Zipo dawa maalumu za kuondolea gundi na lami zinazouzwa katika maduka ya vipuri na vifaa vya magari. Mnunuzi asome maelezo ya kopo na kuhakikisha imeandikwa kuwa inafaa kwa rangi ya gari.

Pasipopatikana dawa hiyo, mafuta ya taa kidogo yanaweza kutumika baada ya jaribio kufaulu. Yapakwe kwa kitambaa, yasimwagwe, yaachwe dakika moja au mbili tu, kisha eneo lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi. Spiriti ya duka la dawa nayo hulegeza baadhi ya gundi, lakini hukauka haraka na huweza kulainisha rangi za gereji. Itumike kwa kupangusa mara chache, isiachwe ikae. Vimiminika hivi viwili vinashika moto, kwa hiyo masharti yote ya usalama yaliyo hapa chini yanavihusu.

Vitu vya kuepukwa

Petroli ndiyo inayotumika sana na ndiyo ya hatari kuliko zote. Dereva wa bodaboda huwa nayo karibu, hufungua bomba la tangi, hulowesha kitambaa, na gundi huondoka. Lakini petroli hutoa mvuke hata katika hewa ya kawaida. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kusafiri hadi kwenye jiko la mkaa, sigara au cheche ya betri iliyo hatua kadhaa kutoka hapo, kisha moto hurudi kwa njia ileile hadi kwenye kitambaa kilicho mkononi. Taifa linakumbuka Agosti 10, 2019, mjini Morogoro, pale lori la mafuta lililopinduka lilipolipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Kiasi cha petroli kilikuwa kikubwa mno kulinganisha na kitambaa kimoja, lakini tabia ya mvuke ni ileile. Kitambaa kimoja kinatosha kuunguza mikono na uso wa mtu, na pikipiki yenye tangi lililo wazi pembeni yake inatosha kuunguza kibanda kizima. Zaidi ya moto, petroli hufifisha rangi na kuifanya plastiki ya taa iwe na ukungu na nyufa ndogo.

Thina imetengenezwa kwa ajili ya kuyeyusha rangi, nayo haichagui kati ya rangi na gundi. Kiondoa rangi ya kucha chenye asetoni ni wa ukoo huo huo. Tone moja huweza kuacha doa lisilofutika.

Kisu, wembe, bisibisi, msasa na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria havina nafasi juu ya rangi. Hata pale mtu anapodhani amesugua kwa uangalifu, jua la asubuhi likipiga ubavuni mwa gari huonyesha mikwaruzo iliyojipanga kama miale.

Vioo, plastiki na utomvu wa miti

Kioo ni kigumu kuliko rangi, na sheria zake ni nyepesi kidogo. Kwenye kioo cha mbele, kibandiko kilicholoweshwa kwa maji ya sabuni kinaweza kukwanguliwa kwa wembe mpya uliolazwa, huku kioo kikiwa kimelowa wakati wote. Kioo chenye tinti hakiruhusu wembe, kwa kuwa tinti ni karatasi laini ya plastiki. Kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za kuondolea ukungu nacho hakiruhusu, kwani wembe hukata nyaya hizo. Katika hali hizo mbili, njia ni ileile ya maji ya moto, mafuta na subira.

Sehemu za plastiki, kama vile bampa, vifuniko vya pikipiki na taa, zipewe mafuta ya kula na sabuni pekee.

Wanaoegesha chini ya miembe na mikorosho wanajua aina nyingine ya ulimbo. Utomvu wa mkorosho hulainika kwa maji ya vuguvugu ukifunikwa kwa kitambaa kilicholowa kwa muda wa kutosha. Ule wa mwembe huhitaji mafuta, kama gundi. Lami inayoruka kutoka barabarani na kuganda chini ya milango nayo hulegezwa kwa mafuta ya nazi. Vyote viondolewe mapema, kwa sababu kadiri jua linavyovipiga ndivyo vinavyozidi kushikamana na rangi.

Kivuli kisichofutika

Mara nyingine gundi huisha kabisa, kidole hakihisi kunata, lakini umbo la kibandiko bado linaonekana. Mmiliki hudhani bado kuna uchafu na kuendelea kusugua. Ukweli ni kwamba hakuna kitu cha kuondoa. Miaka yote ile, jua lilififisha rangi iliyo nje ya kibandiko, na ile iliyokuwa chini yake ilibaki changa. Kinachoonekana ni tofauti ya umri wa rangi. Kusugua zaidi kutalimaliza tabaka la juu na kufungua njia ya kutu. Fundi rangi anaweza kupunguza tofauti hiyo kwa kung'arisha eneo la nje lililofifia. Mara nyingi jua lenyewe huisawazisha kidogo kidogo kadiri miezi inavyopita.

Usalama wa nyumbani na mazingira

Kazi yenye mafuta ya taa, spiriti au dawa ya dukani ifanyike nje, mahali penye upepo, mbali na jiko, sigara na jenereta. Injini iwe imezimwa na imepoa. Glovu zivaliwe. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke kabisa kabla ya kutupwa. Visirundikwe ndani ya nyumba wala visichomwe vikiwa vimelowa.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa za maji au za soda. Mtoto hunywa kile anachokitambua kwa chupa yake, na mafuta ya taa yakiingia kwenye mapafu huhatarisha maisha. Mtoto aliyekunywa asilazimishwe kutapika. Apelekwe haraka kwenye kituo cha afya, na chupa ipelekwe pamoja naye.

Mabaki ya vimiminika hivyo yasimwagwe mitaroni. Mitaro ya Masoko na Kivinje huelekea baharini, na mikoko inayolinda fukwe zetu ndiyo mazalia ya samaki na kamba ambao wakazi wanawategemea. Vipande vya plastiki na tonge za gundi viingizwe kwenye taka za kawaida za nyumbani.

Kama rangi imekwisha chunwa

Kwa aliyekwisha tumia kisu, bado kuna la kufanya, mradi asicheleweshe. Mkwaruzo ambao ukucha hauuhisi huishia katika tabaka la juu na hupungua kwa kung'arishwa. Mkwaruzo unaoushika ukucha umeingia ndani zaidi. Ikiwa rangi ya chuma inaonekana, mahali hapo paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, pakaushwe kabisa, kisha pafunikwe kwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu na rangi ya juu inayolingana. Kutu iliyokwisha jitokeza iondolewe kwanza hadi chuma kionekane, vinginevyo itaendelea kula ikiwa chini ya rangi mpya. Fundi rangi mzoefu hufanya kazi hiyo kwa eneo dogo bila kupaka mlango mzima, lakini akipelekewa chombo baada ya msimu mmoja wa mvua, eneo halitakuwa dogo tena.

Wanaopenda vibandiko hawana haja ya kuviacha. Inatosha kuchagua vya plastiki nzuri badala ya karatasi, kuvibandika kwenye kioo pale inaporuhusiwa bila kumzuia dereva kuona, na kuviondoa kabla havijakauka. Kibandiko cha kampeni au cha tangazo kinaweza kutoka siku shughuli yake inapokwisha, kikiwa bado kinavutika kipande kimoja.

Ukitokea moto, wito utolewe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114, ambayo hupigwa bila malipo. Kwa maelezo kuhusu utupaji wa mabaki ya mafuta na dawa, mkazi afike katika ofisi ya mtendaji wa kata yake ili aelekezwe kwa mtaalamu wa mazingira.